Doa Juu ya Kabati la Nguo za Mtoto

Kabati lilifika kabla ya mwenyewe. Lilishushwa asubuhi kutoka kwenye gari la mizigo, likapitishwa mlangoni ubavu-ubavu kwa kusukumana na kuhema, na jioni yake mama mkwe akateremka basi na begi moja na kikapu. Aliuliza habari za kabati kwanza, ndipo akauliza za watu.

"Limefika salama, Mama," mkwe wake akamjibu. Alikuwa amesimama kando ya mlango kama mgeni, nyumbani kwake mwenyewe.

Mama alilizunguka, akavuta droo moja baada ya nyingine, akapitisha kiganja juu yake. Lilikuwa kabati fupi, la kumfika mtu kiunoni, la mbao nyeupe za msonobari. Halikuwa na rangi wala vanishi. Lilisuguliwa nta tu, likabaki na weupe wa ndizi iliyomenywa sasa hivi. Kaka yake, seremala, alilitengeneza wakati yeye ana mimba ya kwanza, na watoto wake wote walikunjiwa nguo humo. Mimba ile ya kwanza ndiyo iliyompa binti ambaye sasa naye alikuwa mjamzito, amelazwa hospitalini kwa sababu ya presha iliyopanda ikakataa kushuka. Daktari alikuwa amesema harudi nyumbani mpaka ajifungue. Ndiyo maana mama alikuja, na ndiyo maana kabati lilikuja.

"Mtoto hawezi kuja duniani akakuta nguo zake ziko kwenye mifuko ya plastiki," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Mkwe wake alikuwa mchonga mihuri. Alikaa chini ya mwavuli mkubwa ng'ambo ya ofisi za serikali, na wembe wake, vipande vyake vya mpira na vichupa vya wino wa zambarau, akiwachongea watu mihuri ya shule, ya maduka na ya vikundi vya akina mama. Vidole vyake havikutakata hata siku ya harusi. Alipokwenda kujitambulisha ukweni, mama huyuhuyu alivitazama vile vidole, kisha akauliza kwa upole, "Na hii mihuri, baba, watu huinunua mara ngapi? Maana naona mtu akishapata mmoja ametosheka." Watu wote walicheka, hata yeye alicheka. Lakini swali lile lilimkaa rohoni, na tangu siku hiyo kila alipokuwa mbele ya mama mkwe alijikuta mikono yake imeingia mifukoni yenyewe.

Basi wakaishi nyumba moja kwa adabu ya kuchosha. Yeye alikohoa kabla ya kuingia sebuleni. Mama alimwekea chakula mezani amekifunika, akajiondokea zake jikoni, naye akala peke yake na kuushukuru ukuta. Maneno yao yalikuwa shikamoo na marahaba, mgonjwa kaamkaje, anaendelea vizuri. Wote wawili waliogopa kitu kimoja, na hakuna aliyethubutu kukitaja mbele ya mwenzake.

Siku ya mkasa, mama alikuwa ameondoka kupeleka chakula hospitalini. Mchonga mihuri alirudi mapema na kazi ya shule moja iliyotaka mihuri yake kesho yake asubuhi. Kilichobaki kilikuwa kujaza wino kwenye vibweta vyake, vile visanduku vya sifongo vya kuloweshea mihuri. Angefanyia kazi hiyo mezani, lakini meza yote ilikuwa imejaa nguo za mtoto zilizopigwa pasi, zimepangwa kwa ukubwa. Akatazama huku na huku. Akatandaza gazeti juu ya kabati, akaisogeza pembeni chupa ndogo ya dawa ya zambarau ambayo mama mkwe alikuwa akipaka kwenye kidonda cha kidole cha mguu alichochubuliwa na kiatu, akaanza kazi.

Simu ikaita. Alikuwa mkewe. Ndani ya nyumba ile sauti ilikuwa ikikatika, kwa hiyo aliinyakua akatoka nayo uani. Mkewe alikuwa na furaha siku hiyo. Alimweleza jinsi mtoto alivyompiga teke la mbavu mbele ya daktari, na daktari akasema huyu atakuwa mchezaji. Walicheka. Walizungumza majina, wakabishana kidogo, wakaagana.

Aliporudi ndani alikuta kichupa cha wino kimelala ubavu. Alikuwa amekigonga wakati wa kunyakua simu. Gazeti lilikunywa lilichoweza, na kilichobaki likaipitishia mbao. Alipolinyanyua alikuta doa la zambarau, upana wa kiganja, limetulia juu ya weupe ule.

Hapo ndipo alipokosea zaidi. Alikimbilia ndoo, akaleta kitambaa kilicholowa na sabuni, akasugua kwa nguvu zake zote. Wino haukutoka. Ulipata maji, ukafurahi, ukaanza kutambaa ukifuata mistari ya mbao kushoto na kulia, mpaka doa lililokuwa kiganja likaota vidole. Wino ule ulitengenezwa usifutike. Yeye mwenyewe huwaambia wateja hivyo kila siku, tena kwa majigambo.

Akasikia geti. Alikusanya vitu vyake harakaharaka, akachukua kitambaa cheupe cha kufuma kilichokuwa juu ya kiti, akakitandika juu ya doa, na ili kisiteleze akairudisha ile chupa ya dawa ya kidole juu yake. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka apate siku moja tu ya kutafuta ufumbuzi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Leo amekula vizuri."

Asubuhi yake, kabla hata hajafungua mwavuli, alikwenda kwa fundi samani ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya jengo lilelile. Fundi alikuwa mtu mnene asiye na haraka, vumbi la mbao limemkaa mpaka kwenye kope.

"Kuna rafiki yangu mmoja," mchonga mihuri akaanza, "amemwaga wino kwenye mbao nyeupe."

"Huyo rafiki yako ana vidole kama vyako?"

Mchonga mihuri akajikuna kichwa pasipowasha.

"Basi mwambie," fundi akaendelea, akijifanya hajaona, "aache maji kabisa. Mbao isiyo na vanishi inakunywa kama mtu aliyetoka safari. Achukue pamba, aitie spiriti kidogo, agongegonge tu, asisugue. Pamba ikishika rangi aitupe, achukue nyingine. Na aanzie pembeni akija katikati, siyo katikati akienda pembeni, atalitanua. Likigoma, achukue msasa laini kabisa, afuate mistari ya mbao. Akikata mistari atakuwa na doa na mikwaruzo juu yake."

"Na likigoma tena?"

"Apake rangi."

"Haliwezi kupakwa rangi. Ni la mama mkwe."

Fundi alimtazama kwa huruma. "Hilo ndilo ungeanza nalo," alisema, akamkatia kipande cha msasa.

Mchana, saa ambazo mama huwa hospitalini, mchonga mihuri alifunga mwavuli akaenda nyumbani na chupa ya spiriti na pamba mfukoni. Hakukohoa mlangoni kwa sababu hakutegemea kumkuta mtu. Alimkuta mama mkwe amepiga magoti mbele ya kabati, kitambaa cha kufuma kiko sakafuni, naye anasugua doa kwa nusu ya limau na chumvi. Droo zilikuwa zimechomolewa zote. Kijasho kilimtiririka, na macho yake yalikuwa mekundu.

Mama aligeuka, akajaribu kuinuka, goti likakataa. "Baba, nisamehe," alisema.

"Mama, mimi…"

"Ni dawa yangu ya kidole. Jana jioni nilikwenda kuichukua nipake, nikainua kitambaa, nikaona. Nimewaharibia kitu chenu kabla hata hamjakitumia." Aliutazama ule mkono ulioshika limau. "Na sikumbuki kuimwaga. Kitambaa pia nitakuwa nimekitandika mwenyewe, maana nani mwingine angekitandika? Hicho nacho sikumbuki. Usiku sikufumba jicho, nikitafuta, nikitafuta, sioni kitu."

Mchonga mihuri alisimama pale mlangoni na chupa ya spiriti inamgonga paja. Maneno yalikuwa yameshafika kooni. Lilikuwa jambo la kusema sentensi moja tu. Akafungua kinywa, na simu ikaita.

Alikuwa muuguzi. Presha ya mgonjwa ilikuwa imepanda vibaya tangu asubuhi, daktari ameamua kumfanyia upasuaji leo hii, ndugu waje. Mchonga mihuri alisema ndiyo, ndiyo, tunakuja. Baadaye alipokumbuka dakika ile, kilichomsumbua ni kwamba simu ilipoita, kabla hajajua inatoka wapi, alikuwa ameshukuru.

Walikwenda bila kubadili nguo. Mama mkwe alibeba begi la mtoto kifuani. Vidole vyake vilinuka limau.

Hospitalini waliketishwa kwenye benchi refu la mbao, ukumbini, mkabala na mlango uliokuwa ukisukumwa kila mara na watu waliovaa kijani wasiotazama mtu usoni. Benchi lile lilikuwa na nafasi ya kutosha watu kadhaa, nao wakakaa ncha mbili kama wasiofahamiana. Muda ulipita. Mama akamsogelea kidogo, akaanza kusema kwa sauti ya chini, macho yake mlangoni.

"Mama yangu alianza hivihivi. Kwanza alisahau sufuria motoni. Tukamtania. Halafu akawa anaficha vitu, anatulaumu sisi kwamba tumeiba. Mwisho nilikuwa namwogesha, ananiuliza, wewe binti ni wa nani, mbona una mikono laini? Mimi, mtoto wake." Akalivuta begi la mtoto karibu. "Nimeshaamua, baba. Nikishamwona mwanangu na mjukuu wangu, narudi kwangu. Nitasema miguu inaniuma. Mtu anayemwaga dawa asijue, akatandika kitambaa asijue, si mtu wa kuachiwa mtoto mchanga amwogeshe. Nakuambia wewe ili mwenzako asipate wasiwasi. Wewe utajua la kumwambia."

Mchonga mihuri alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Alikuwa amefikiri anaficha doa. Kumbe muda wote ule mwanamke huyu alikuwa akijizika mwenyewe polepole, na aliyempa jembe ni yeye.

"Mama, hukumwaga dawa," alisema.

"Usinifariji, mwanangu."

"Sikufariji. Ni wino wangu. Wino wa mihuri. Nilitandaza gazeti juu ya kabati nijaze vibweta, simu ikaita, nikaigonga chupa. Nikasugua kwa maji, nikaharibu zaidi. Kitambaa nilikitandika mimi. Na chupa yako niliiweka mimi juu ya kitambaa, kisiteleze. Huna ulichosahau, Mama. Hukukumbuka kwa sababu hakuna cha kukumbuka."

Mama aligeuka akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama machoni tangu alipoingia nyumba ile.

"Leo mchana umenikuta chini pale."

"Ndiyo, Mama."

"Nimekuomba msamaha."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka kusema, simu…" Akaacha. "Ndiyo. Na jana pia nilinyamaza. Niliogopa utaniona mtu ovyo."

Mama alirudisha uso wake mlangoni. Alifungua begi la mtoto, akatoa shuka ndogo, akaikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa vizuri, akairudisha, akaitoa tena. Mchonga mihuri alitamani atukanwe yaishe.

Mlango ukasukumwa. Muuguzi alishusha barakoa yake, na walipoona anatabasamu wote wawili walisimama kwa pamoja.

"Mtoto wa kike. Mdogo, lakini ana sauti. Mama yake salama, presha imeanza kushuka, anazinduka polepole. Anaweza kuingia mmoja kwanza."

"Nenda, Mama," mchonga mihuri alisema.

"Nenda wewe."

"Hapana, wewe ndiye…"

"Nimekuambia nenda. Mimi bado nina hasira na wewe, na sitaki mjukuu wangu anione mara ya kwanza nimekunja uso."

Akaenda. Alimkuta mkewe amelala, midomo imekauka, anafumbua jicho moja na kulifumba. Alimshika mkono. Mkewe akanong'ona, "Umemwona?" Akamwambia bado, nimekuja kukuona wewe. Kisha muuguzi akamwekea mtoto kwenye mkono wa pili, kichwa kama ngumi, uso uliokasirika, mzima kabisa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake yote ilikuwa na kazi.

Alipotoka, mama mkwe alikuwa ameshanawa mikono mpaka viwikoni, amesimama ameikinga mbele hataki iguse kitu. Muuguzi alimtazama kwa shaka kidogo, akampa mtoto. Mama alimpokea kama mtu anayepokea kazi anayoijua: kiganja chini ya shingo, mkono wa pili chini ya makalio, akamvuta kifuani. Mtoto akanyamaza. Mama akainamisha uso, mabega yakaanza kutikisika, na mchonga mihuri akaenda kusimama dirishani ili ampishe.

Njiani kurudi, walipokaribia nyumbani, mama alimgeukia.

"Wino wenyewe ni wa namna gani?" akauliza.

"Wa mihuri, Mama. Haufutiki."

"Tutaona," alisema mama.

Mgonjwa alibakizwa hospitalini mpaka kidonda kikauke, na katika siku hizo, baina ya safari za kwenda na kurudi, wawili hao walilitoa kabati uani wakaliweka kivulini. Mchonga mihuri alifunga milango na madirisha yote, kwa sababu harufu ya spiriti ilikuwa kali, na mama akaufunika mkaa wa jikoni kabla chupa haijafunguliwa. Kisha akavuta kigoda, akashika usukani.

"Pamba ndogo. Hiyo kubwa. Usibonyeze, umeambiwa ugonge. Tupa hiyo, imeshachafuka, unairudishia mbao uchafu wake."

Walipokezana. Mmoja akigonga, mwingine akatayarisha pamba. Wino ulikuja kidogokidogo, kwanza kama maji ya zabibu, kisha mwepesi, kisha ukawa kivuli cha kijivu. Upande ambao mama alikuwa amesugua limau ulikuwa umegeuka waridi.

"Hapo nilitia chumvi sana," alisema mama.

Mchonga mihuri alicheka kabla hajajizuia. Mama naye akacheka, na baada ya hapo ikawa vigumu kurudi kwenye adabu ya zamani. Mama alitaka kujua mihuri huchongwaje, akaambiwa kwamba herufi lazima zikatwe kinyumenyume ili zisome sawa kwenye karatasi. Alifikiri kidogo, akaomba aonyeshwe. Alitazama wembe ukitembea juu ya mpira, herufi moja, ya pili, zote zimegeuka, na akasema kwamba yeye kwa kazi hiyo angepata kichaa siku ileile. Mchonga mihuri akapiga moyo konde, akamkumbusha lile swali la siku ya kujitambulisha.

"Nilisema hivyo, mimi?" mama akauliza. "Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote, Mama."

Mama akajaribu kukumbuka, kabati limemtoka kichwani. "Hilo kweli nimelisahau," alisema. Wakatazamana, na safari hii mama ndiye aliyeanza kucheka. Alipomaliza alijipangusa macho, akasema, "Lilikuwa swali la mtu mwenye hofu na binti yake. Lakini lilikuwa baya. Na vidole hivyo vitoe mfukoni, havitafuni mtu."

Spiriti ilipofika mwisho wa uwezo wake waliingia kwenye msasa. Walisugua polepole wakifuata mistari, wakipuliza vumbi, mpaka kivuli kikatoka. Lakini wakapata tatizo jipya. Pale palipokuwa na doa pakawa peupe kuliko kwingine kote, kama uso ulionawishwa shavu moja. Mama alirudi nyuma hatua chache, akakunja mikono.

"Sasa hapa tumebadilisha doa jeusi kwa doa jeupe."

Ikabidi wausugue uso wote wa kabati, kona hadi kona. Mikono iliwauma. Kwa nyuma, upande unaoelekea ukutani, wino ulikuwa umezama kwenye ufa wa mbao na haukutoka kwa lolote. Walikubaliana kuuacha. Walipaka nta, wakaifuta, na weupe ukarudi, mpya kidogo kuliko ule wa zamani.

Mkewe alirudi nyumbani anatembea kwa kujishika tumbo, mtoto amebebwa na bibi yake. Alipoketi sebuleni alilitazama kabati, akauliza kwa nini linang'aa hivyo, na mumewe akamweleza yote, hata sehemu ya kunyamaza. Alicheka mpaka kidonda kikamuuma, kisha akaacha kucheka.

"Ulimwacha mama yangu alale na wazo hilo kichwani?"

"Nilimwacha," mumewe alisema. "Sina pa kujitetea."

Mkewe alimtazama, kisha akaomba aletewe mtoto.

Mama hakurudi kwake. Aliogesha mtoto kila asubuhi kwenye beseni la bluu, akimwimbia nyimbo ambazo hakuwahi kuzimaliza kwa sababu alikuwa akikatiza kumgombeza baba mtu: taulo liko wapi, maji haya umeyapima kwa kiwiko au kwa macho, funga dirisha. Baba mtu naye alijibu, jambo ambalo zamani hangethubutu. Siku moja mkewe alizinduka usingizini mchana akawasikia sebuleni wanabishana kama kabati linahitaji nta ya pili au nta ya kwanza inatosha. Mama alisema mbao bado ina kiu. Mchonga mihuri alisema harufu itamsumbua mtoto.

"Jamani," mkewe aliita kutoka kitandani, "mtoto amelala."

Kisha akasikia droo ikivutwa taratibu, na mama yake akinong'ona, "Nipe zile ndogo. Siyo hizo. Zile zenye mikono mirefu, leo kuna baridi."